Mstari Unaobebeka: Mwongozo wa Video Fupi kwa Mwanamuziki

Kila mpiga ala wa taarabu ameliona jambo hili. Wimbo unakwenda, watu wameketi, wengine wanazungumza, wengine wanakula. Mwimbaji anafika kwenye mstari fulani, na mama mmoja kule nyuma anainuka. Anakuja taratibu, noti mkononi, anamtunza mwimbaji, lakini macho yake yako kwa mtu mwingine ukumbini, na mtu huyo anajua. Tangu hapo mstari ule ni wa yule mama. Mtunzi ameshaupoteza.

Mimi hupiga kinanda kwenye kikundi kidogo cha Tanga kinachoalikwa harusini, na simu ya kikundi ninaishika mimi. Kwa muda mrefu nilikuwa narekodi wimbo mzima nikiwa pembeni ya jukwaa, dakika 9 au 10, naposti, na hakuna aliyeangalia zaidi ya ndugu zetu. Siku moja nikakata sekunde 22 tu, pale mama mmoja alipoinuka kwenda kutunza. Nikaziweka TikTok na kwenye status ya WhatsApp. Kesho yake jioni nikawa nauona mstari ule kwenye status za watu nisiowajua, kila mmoja akimlenga wake. Klipu ile ilinifundisha mambo mawili. La pili liliniumiza, nitalieleza mbele.

La kwanza ndilo msingi wa yote yanayofuata: video fupi ya muziki hutembea pale msikilizaji anapoweza kuuchukua mstari wako akausemea jambo lake. Ukiimba taarabu, Bongo Fleva, singeli, kwaya au dansi, na una simu moja na bando la wiki, unaweza kuanza leo.

Hatua ya 1: Tafuta mstari kabla ya kutafuta kamera

Andika mashairi yote ya wimbo wako kwenye karatasi. Pitia mstari mmoja mmoja ukijiuliza: je, mtu anaweza kuuchukua huu akamtumia mwenzake bila kuongeza neno, na mwenzake akaelewa? Kipimo changu ni kanga. Jina la kanga ni maneno machache, lakini wifi au jirani akiyasoma mgongoni mwa mtu anayepita mlangoni, ujumbe umefika. Ikiwa mstari wako ungefaa kuchapwa kwenye kanga, anza na huo.

Tuseme wimbo wako una mstari huu:

Wahesabu nyufa zangu, nyumba nilishaihama.

Mizani 8 kwa 8, na kisa kizima kimo. Aliyeachwa ataupokea kwa lake, aliyehama kazi kwa lake, anayesengenywa mtaani kwa lake. Hauhitaji kuelezwa ulitungwa kwa ajili ya nani. Sasa uweke karibu na mstari unaosema "nakupenda sana mpenzi wangu wa maisha". Hauna kosa, ila hauna kitu cha kushika. Mapenzi nayo hubebeka yakiwa na kitu ndani yake: chai ya mkandaa anayokupikia, kandambili zake mlangoni, namna anavyoita jina lako ukichelewa kurudi. Msikilizaji akiona kandambili atamkumbuka mwenye kandambili wake.

Kama huoni mstari, waache watu wakuoneshe. Imbeni wimbo kwenye mazoezi mkiwa na majirani barazani, halafu angalia nyuso. Sikiliza watoto wa mtaa wanabaki wakiimba kipande gani mkishamaliza. Mara nyingi huwa si kile ambacho mtunzi alikipenda, na hapo mtunzi anapaswa kuukubali ushauri wa watoto.

Kwa singeli, ambayo biti yake huenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, maneno hupita kabla mgeni hajayashika. Chagua mahali biti inapokatwa na MC akabaki peke yake. Kwa kwaya, tafuta pale sauti za besi zinapoingia chini ya zile za juu. Hapo hata asiyejua wimbo hugeuza shingo.

Wapo wazee wetu wanaosema kuukata wimbo ni kuuharibu. Nawaheshimu, na mimi mwenyewe hupenda wimbo unaochukua nafasi yake. Lakini Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika 3 tu. Nyimbo zilizozoea kukesha barazani zikalazimika kuingia humo, na zikawafikia watu ambao wasingeliketi kwenye baraza lake hata siku moja. Aliyetaka kuusikia wimbo kwa urefu wake alijua pa kwenda.

Hatua ya 2: Kata panapochoma

Usianze na utangulizi wa ala, hata kama fidla zimepigwa vizuri kiasi gani. Mtu anayepitisha kidole kwenye simu anakupa pumzi moja. Anza kwenye mstari wenyewe, au sekunde 1 kabla, mwimbaji anapovuta pumzi. Napenda ile pumzi ibaki. Inamwambia mtazamaji kwamba kuna neno linakuja.

Urefu wa sekunde 15 hadi 30 unatosha. TikTok na YouTube Shorts siku hizi hukubali dakika kadhaa, lakini klipu inayoingia kwenye status ya WhatsApp bila kukatwa ndiyo inayosafiri kwetu, maana huku mtu hupakua video na kuiweka kwenye status kabla hajafikiria kukufuata. Maliza mahali ambapo mwisho unarudi mwanzo bila kishindo, ili video ikijirudia yenyewe sikio lisishtuke. Mpe mtazamaji mstari, mwachie kiu ya ubeti unaofuata.

Hatua ya 3: Sauti kwanza, picha baadaye

Hapa ndipo wanamuziki wengi hukosea, na inasikitisha kwa sababu sauti ndiyo mali yetu. Watu husamehe picha yenye giza. Sauti iliyopasuka hawaisamehe, na ikishapasuka wakati wa kurekodi hakuna programu ya kuirudisha.

Usirekodi ukiwa mbele ya spika. Besi ya ukumbini huijaza maiki ya simu mpaka mwimbaji akasikika kama yuko ndani ya pipa. Kama mna mikisa, omba fundi mitambo akutolee sauti moja kwa moja kwenye simu ya pili au kinasa sauti. Kama hamna, weka simu ya pili karibu na mwimbaji, hatua 2 hivi, ikinasa sauti tu, huku ya kwanza ikichukua picha. Kabla ya kuanza, mtu apige kofi moja kali mbele ya kamera. Utakapokuwa unaunganisha kwenye CapCut au programu nyingine, linganisha mlio wa kofi kwenye sauti zote mbili, halafu zima sauti ya ile simu ya picha. Kazi ya dakika 5, na tofauti yake kila mtu anaisikia.

Nyumbani, zima feni. Funga dirisha la upande wa barabara. Udi na kanuni, zile ala za nyuzi za taarabu, husikika vizuri kwenye chumba chenye godoro, mapazia na nguo. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kina mwangwi unaochosha. Na jaribio moja la sekunde 10 usikilize kwa spika za masikioni kabla hujarekodi kazi yenyewe. Nimeshapoteza jioni nzima kwa sababu ya waya uliolegea.

Picha haina mengi. Simu iwe wima. Futa lenzi kwa kitambaa laini, maana mfukoni hupata mafuta na kila taa itaonekana na ukungu. Mweke mwimbaji akielekea dirisha, si akiwa ameliacha mgongoni. Ukiwa nje, saa 12 na nusu asubuhi au saa 11 jioni jua huwa la upole; saa 7 mchana macho yote huwa vivuli. Usivute picha karibu kwa vidole, sogea wewe. Acha upande wa kulia na sehemu ya chini pakiwa patupu, kwani ndiko vitufe na maelezo hukaa, na nimeona video nzuri ambamo mikono ya mpiga udi imefunikwa na jina la akaunti yake mwenyewe.

Hatua ya 4: Andika maneno kwenye picha, na uyaandike sawasawa

Wengi huangalia simu ikiwa kimya: kwenye daladala, kazini, kitandani mtoto akiwa amelala. Maandishi ndiyo yatakayowafanya wafungue sauti. Andika mstari wako katikati ya skrini, mahali jina la kanga lingekaa, kwa herufi kubwa na rangi inayotofautiana na nguo za mwimbaji.

Usitegemee programu iyaandike maneno yenyewe. Kiswahili cha kuimbwa huichanganya, na mara nyingi huleta maneno ambayo hayamo kwenye wimbo kabisa. Andika kwa mkono wako, kisha mpe mtu mwenye jicho kali asome. Ukiandika "hajari" badala ya "hajali", watu 40 watakuja kwenye maoni kukusahihisha na mpasho wako utakuwa umekufa. Ukiandika sawasawa, mstari huo huo mtu ataunakili na kuuweka kwenye status yake kama maneno matupu, na hapo nako umefika.

Hatua ya 5: Acha nafasi ya jibu

Taarabu ilikua kwa majibizano. Kikundi kimoja kinasema, kingine kinajibu, na mashabiki wanachagua upande. Video fupi ina mlango huo huo. TikTok inamruhusu mtu afanye dueti na wewe, uso wake ukae kando ya wako. Basi rekodi klipu moja ambayo unaimba nusu ya kwanza ya mstari, "Wahesabu nyufa zangu…", kisha unanyamaza na kutazama kamera, ala zikiendelea. Nusu ya pili mwachie msikilizaji. Kwenye maelezo andika swali la kweli, kama "Huu ungemtumia nani?" Mtu akijibu kwa kisa chake, mjibu.

Jambo la kufanya liwe jepesi. Wimbo Jerusalema wa Master KG na Nomcebo Zikode ulitoka Afrika Kusini mwaka 2019, lakini chalenji yake iliwashwa Februari 2020 na kundi la wacheza dansi wa Angola, Fenómenos do Semba, waliojirekodi wakicheza huku wameshika sahani za chakula. Hatua zile mtu wa kawaida aliweza kuzifuata, na hakuhitaji mavazi wala jukwaa. Baadaye wauguzi, mapadri na askari wa nchi mbalimbali wakawa wanazicheza. Ukimpa shabiki mtindo unaohitaji wiki 2 za mazoezi, utaishia kuchezwa na wacheza dansi tu.

Na usiogope wimbo wako kuchukuliwa na mtu wa mbali. Kili Paul, kijana Mmasai wa Tanzania, alijulikana kwa kufuatisha midomo nyimbo za Kihindi akiwa na dada yake Neema, wamevaa mavazi yao, mandhari ya kijijini nyuma yao. Mwaka 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimtunuku. Fikiria upande wa pili wa kisa hicho: waimbaji wale wa India walipata mtu aliyeubeba wimbo wao mpaka mahali ambapo wao wasingefika, na gharama yao ilikuwa sifuri. Akitokea wa namna hiyo kwa wimbo wako, mshukuru hadharani na ishee video yake.

Hatua ya 6: Tazama nani yumo kwenye picha

Sasa lile la pili. Klipu yangu ya sekunde 22 ilichukuliwa kwenye hafla ya wanawake. Mama yule alikuwa amejipamba, kichwa wazi, akijua kwamba yuko miongoni mwa wanawake wenzake na wapiga ala waliozoeleka. Mimi nikauweka uso wake mbele ya ulimwengu. Siku ya tatu alinipigia kaka yake. Hakunitukana, aliniuliza tu kama ningefanya hivyo kwa mama yangu. Niliifuta usiku ule, lakini ilikuwa imeshapakuliwa na kupelekwa kwenye status ambazo sikuwa na uwezo nazo. Tulikwenda kuomba radhi nyumbani kwao na tulipokelewa kwa heshima, na bado nikikumbuka naona aibu.

Kwa hiyo hatua hii kwangu ni sheria. Kabla ya shughuli, muulize mwenye harusi kama mnaruhusiwa kurekodi, na nini. Hafla ya wanawake, kamera ielekee jukwaani tu, au isitoke kabisa. Ukitaka ile nguvu ya mtu anayeinuka kutunza, onesha mkono na noti pamoja na uso wa mwimbaji anavyopokea. Inatosha, na pengine ni nzuri zaidi, maana mtazamaji anamweka mtu wake pale penye mkono. Watoto wa watu usiwaposti bila ruhusa ya wazazi wao.

Hatua ya 7: Weka haki mahali pake mapema

Kabla video haijatoka, kaeni: mtunzi, mwimbaji, prodyuza na kikundi. Andikeni kwenye karatasi nani ana fungu gani, wote mtie saini. Ni rahisi kugawana kitu ambacho bado hakijaleta pesa. Kwa Tanzania, usajili wa kazi hufanyika COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na msanii mwenyewe husajiliwa BASATA, baraza la sanaa. Kenya, ofisi ya hakimiliki ni KECOBO.

Halafu pelekeni wimbo kwa msambazaji wa kidijitali, yaani kampuni inayopeleka nyimbo za wasanii mitandaoni, ili uingie kwenye maktaba ya muziki ya TikTok na Instagram kwa jina lenu. Msipofanya hivyo, kila anayeuposti atakuwa na "sauti asilia" yake, wimbo utasambaa vipande vipande, na anayeupenda hatajua ni wa nani. Wasambazaji kadhaa hukuruhusu kuchagua sekunde ambayo kipande cha TikTok kinaanzia. Weka pale penye mstari wako wa kanga, usiache wauanzishe kwenye utangulizi. Jina la msanii liandikwe kwa namna ile ile kila mahali, herufi kwa herufi.

Jambo dogo linalowaponza wengi: usiigeuze akaunti yako ya TikTok kuwa ya biashara. Akaunti za biashara hufungiwa kwenye maktaba ya muziki ulioruhusiwa kwa matangazo, na unaweza kujikuta huwezi kutumia wimbo wako mwenyewe.

Hatua ya 8: Posti kwa kufuata kalenda ya watu wako

Rekodini siku moja klipu 6 au 8, kisha ziachieni 2 au 3 kwa wiki. Mstari mmoja unaweza kuzaa kadhaa: wa kuimbwa na ala zote, wa sauti tupu, wa mtunzi akieleza neno gumu lililomo, wa fidla ikiufuata peke yake. Hiyo ya mtunzi naipenda zaidi, kwani watu wa kwetu hupenda kuelezwa fumbo baada ya kulihangaikia kidogo.

Kwa sisi wa pwani, msimu una maana kubwa kuliko saa ya kuposti. Shaabani harusi hufuatana na watu wanavunja jungu. Hapo mipasho na nyimbo za maharusi zinatafutwa. Ramadhani tunapumzika, na akaunti ipumzike pamoja nasi. Idi ikiandama, muwe na klipu mpya tayari. Kwaya nazo zina Pasaka na Krismasi. Anayeimba kwa watu anapaswa kujua watu hao wako wapi moyoni wiki hiyo.

Baada ya siku 3 au 4 fungua takwimu za video. Usiangalie sana idadi ya waliolaiki. Angalia sekunde ambayo watu walianza kuondoka, na wangapi waliishea au kuihifadhi. Wakiondoka sekunde ya 2, ulianza pabaya, ikate upya. Wakikaa mpaka mwisho lakini hawaishei, sauti ni nzuri ila mstari haubebeki, basi rudi hatua ya 1. Badilisha kitu kimoja kwa mara, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Hatua ya 9: Mpeleke msikilizaji mbele

Aliyeguswa na sekunde 22 atautaka wimbo mzima. YouTube inakuruhusu kuunganisha Shorts na video ndefu, itumie. Kwenye wasifu weka kiungo kimoja tu cha nyimbo zenu na namba ya kazi ya kuombea shughuli, isiwe namba yako ya nyumbani.

Kisha kaa kwenye maoni. Usiku ule ule, mtu kwa mtu. Mtu mzima akikuandikia, mwamkie kwanza. Akiomba ubeti fulani, mjibu kwa video ya ubeti huo, kwa kuwa TikTok hukuruhusu kujibu oni kwa klipu na jina lake likatokea juu. Mwaka jana dada mmoja aliye Muscat aliandika kwamba mama yake anauuliza ubeti wa tatu wa wimbo wetu, ule ambao hatukuwahi kuuposti. Tuliuimba barazani tunapofanyia mazoezi, udi na sauti moja, sekunde 28, tukaanza na "Shikamoo mama". Asubuhi tulikuta jibu kwenye inboksi: sauti ya bibi mmoja, nyembamba kidogo, akiimba kiitikio chote bila kukosea.